Dondoo muhimu: Likizo ya mwisho ya kulelewa

Uko mwaka wa mwisho chuoni Dar na kwenu ni Moshi? Kata tiketi mapema; Desemba Wachaga tunapanda mlimani kwa pamoja na mabasi hujaa. Ukifika, siku mbili tatu lala tu, hakuna atakayekugombeza. Kisha ingia jikoni, mama akuoneshe mtori: ndizi na nyama vichemke hadi ndizi zilainike kabisa, ndipo uziponde kwa mwiko zikiwa za moto. Geto la mwakani halina mpishi. Vyeti vyako, hasa cha kuzaliwa, vitolee nakala. Mkopo wa HESLB? Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara; kwa sasa usikukoseshe usingizi. Shangazi akiuliza ndoa lini, mwongezee chai.