Mafao ya Ulemavu Marekani: Je, Kazi ya Saa Chache Inalipa?

Napokea mafao ya ulemavu. Nikipata kazi ya saa chache, yatakatwa?

Itategemea unapokea yapi, na hapo ndipo wengi hupotoshana. Hifadhi ya Jamii ya Marekani ina mipango miwili: SSDI ya waliowahi kukatwa michango kazini, na SSI ya mlemavu au mzee mwenye kipato na akiba ndogo. Jirani akikuambia anafanya kazi na hajaguswa, muulize kwanza yumo mpango gani. SSI hukata pole pole. Kama huna kipato kingine, dola 85 za kwanza za mshahara husamehewa, kisha malipo hupungua dola 1 kwa kila dola 2 zinazobaki. Kwa viwango vya 2025, mtu mmoja alilipwa hadi dola 967 kwa mwezi. Akilipwa mshahara wa dola 585 kabla ya kodi, SSI yake ilishuka hadi 717, na jumla yake ilikuwa 1,302. Anayekataa zamu kwa kuogopa kupoteza SSI anajipunja. Cha kuchunga ni akiba: kikomo ni dola 2,000 tangu 1989, na hizo dola 85 hazijaongezwa tangu mpango uanze 1974. Aibu tupu.

Na SSDI?

Humo kuna genge la kuporomokea. Una miezi 9 ya majaribio ndani ya miaka 5, ambamo mafao hayaguswi hata mshahara ukiwa mkubwa. Ikiisha, kwa asiye kipofu kikomo cha mshahara cha 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho, mwenye mafao ya 1,500 akilipwa mshahara wa 1,600 ana 3,100. Akiongezewa dola 50 tu, miezi michache ya msamaha ikipita, anabaki na 1,650. Ndiyo maana mtu hukataa nyongeza ya mshahara, na wala si uvivu. Sheria ingefuata hesabu ya SSI, angekubali.

Anayeweza kufanya kazi si mzima?

Sheria yenyewe haidai mlemavu asiinue hata kijiko. Inapima kama anaweza kujipatia kipato cha maana mfululizo. Mgonjwa wa selimundu anaweza kushika zamu Jumatatu na kulala kitandani hadi Ijumaa. Hoja nzito zaidi ya kupinga SSDI kufuata hesabu ya SSI ni ya wanaosema upunguzaji wa pole pole hauchochei kazi. Wana ushahidi: serikali iliujaribu kwa wapokeaji wa SSDI katika jaribio la BOND, na wastani wa mishahara haukupanda. Nakubali. Lakini matokeo hayo yanawavunja moyo wanaotarajia serikali iokoe fedha. Hayahalalishi kanuni inayomnyima mtu dola 1,500 kwa sababu ya dola 50.

Nifanye nini kwa sasa?

Ripoti mshahara mapema. Kwa SSI, kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na utunze uthibitisho. Ukichelewa, utadaiwa kurudisha ulichozidishiwa, hata miaka baadaye. Dai pia gharama zinazotokana na ulemavu wako, kwa mfano usafiri maalumu wa kwenda kazini unaoulipia mwenyewe. Zikikubaliwa, hutolewa kwenye mshahara unaohesabiwa: aliyelipwa 1,650 na kutumia 100 kwa usafiri huo atahesabiwa 1,550, chini ya kikomo cha SSDI cha 2025.