M106: galaksi yenye mikono ya ziada

Swali: Galaksi zenye mikono iliyojipinda ziko tele angani. M106 ina nini hata nikeshe kwa ajili yake?

Jibu: Ina mikono minne, na miwili kati yake haijaundwa kwa nyota. Galaksi hii iko umbali wa miaka nuru milioni 24 hivi, kwenye kundinyota la Mbwa Wawindaji, jirani na Dubu Mkubwa. Pierre Méchain aliigundua mwaka 1781, lakini ile mikono ya ziada ilibainika mwaka 1961 tu, Wafaransa Courtès na Cruvellier walipoichunguza kwa mwanga mwekundu wa haidrojeni. Kitovuni mwa galaksi mna shimo jeusi lenye uzito wa majua kama milioni 40. Linarusha mikondo ya chembe zenye kasi kubwa mno, nayo inaigonga gesi iliyo njiani na kuipasha moto hadi ing'ae.

Swali: Itanibidi ninunue darubini ya bei mbaya?

Jibu: La. Ya kioo, kipenyo sentimita 20, inatosha. Fedha zako ziweke kwenye stendi yenye mota ya kufuata nyota.

Swali: Nimeipiga picha, nikapata mikono miwili tu. Mingine iko wapi?

Jibu: Angalia kichujio chako cha haidrojeni. Haidrojeni hung'aa kwenye nanomita 656.3, lakini M106 inatukimbia kwa kilomita 450 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwanga wake unatufikia ukiwa umesogea karibu nanomita 1 nzima. Kichujio chenye upana wa nanomita 3, kile ghali kinachosifiwa sana, kinaweza kuukata pembeni. Mimi ningechukua cha nanomita 7, cha bei nafuu. Kisha piga picha za dakika tano tano na kuzirundika kwenye kompyuta mpaka zifike saa kumi au zaidi. Ndiyo, ni kazi ya siku kadhaa. Kwa rangi za kawaida, saa tatu zinatosha.

Swali: Kuna mtu asiye mwanasayansi aliyefika mbali na galaksi hii?

Jibu: Robert Gendler, daktari wa Marekani. Mwaka 2013 alikusanya picha za M106 kutoka kumbukumbu za Hubble, akaziba mapengo kwa picha zake na za mpenzi mwenzake wa anga, Jay GaBany.

Swali: Niko Nanyuki. Nitaiona kweli?

Jibu: Utaiona, upande wa kaskazini, nyuzi 43 hivi juu ya upeo. Tatizo ni kwamba majira yake ni Aprili, na Aprili ni mvua. Wahi mwishoni mwa Februari. Wakati huo galaksi hufika juu kabisa kati ya saa nane na saa tisa usiku. Nyota ya Kaskazini usiitegemee kuelekeza stendi, kwenu imelala palepale kwenye upeo, nyuma ya miti. Tumia programu inayopima mielekeo ya nyota nyingine. Na kabla ya kuwasha mota, izungushe stendi kwa mkono: karibu na ikweta, lile jiwe la kusawazisha uzito huning'inia chini kabisa na kugonga mguu wa stendi.