Kodi ya Jengo na Kodi ya Mpangaji

Neno kodi katika Kiswahili lina maana mbili: ni fedha ambayo mwenye nyumba huilipa Serikali, na tena ni fedha ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Katika mji wa New York, Marekani, kodi hizi mbili zilifungwa pamoja kwa mpango ulioanzishwa mwaka 1955, uitwao J-51.

Siku hizo jamaa nyingi za wafanyakazi zilikaa katika nyumba kuukuu za ghorofa zisizo na maji ya moto wala mitambo ya kupasha vyumba joto, na baridi ya huko si ya mchezo. Mwenye nyumba aliyeingiza vitu hivyo alipunguziwa kodi ya jengo kwa miaka kadhaa, naye alipaswa kushika sheria inayozuia kodi ya mpangaji isipandishwe ovyo. Yaani mji uliacha fedha yake ili mpangaji apate nafuu.

Ila mapatano ya namna hii hayana faida asipokuwapo wa kuyasimamia. Mtaa wa Stuyvesant Town na jirani yake Peter Cooper Village una makao zaidi ya 11,000. Mwaka 2006 uliuzwa kwa dola bilioni 5.4. Wenye mtaa walikuwa wakipata nafuu ya J-51, na huku maelfu ya makao yamekwisha kutolewa katika ulinzi wa sheria na kupangishwa kwa bei ya soko. Wapangaji tisa walikwenda mahakamani mwaka 2007. Mwaka 2009 mahakama kuu kuliko zote za jimbo iliamua kwamba haifai kula huku na huku: anayepokea nafuu hawezi kuyatoa makao katika ulinzi. Mwaka 2012 yakafikiwa mapatano ya malipo ya zaidi ya dola milioni 68.

Mpango mwingine, 421-a, ulianza mwaka 1971 ili kuwavuta wajenzi wa nyumba mpya. Hapo kwanza haukumtaka mjenzi atenge makao kwa watu wa kipato kidogo. Hata jumba la matajiri la Trump Tower lilipata nafuu hiyo, baada ya kesi. Masharti ya kutenga makao yaliongezwa baadaye, nao mpango ukaisha mwaka 2022.

Mwaka 2024 jimbo lilipitisha sheria ya 485-x. Makao ya bei nafuu yanayojengwa chini yake hubaki katika ulinzi daima, hata nafuu ya kodi ikiisha. Lakini jengo lenye makao 100 au zaidi sharti liwalipe mafundi wake ujira wa chini uliowekwa, ambao mwaka 2024 ulikuwa dola 40 kwa saa, na mara ramani nyingi zikaanza kuletwa mjini zikiwa za majengo ya makao 99.