Neva zinavyolisha saratani

Wengi hudhani kazi ya neva ni kupeleka habari za maumivu tu. Sivyo. Mwaka wa 2013, Claire Magnon, Paul Frenette na wenzao walichunguza panya wenye saratani ya tezi dume. Neva fulani zilipoharibiwa mapema, uvimbe ulikawia kukua. Neva hizo hutoa noradrenalini, kemikali inayochochea mishipa mipya ya damu kuota na kuulisha uvimbe. Neva za aina nyingine husaidia saratani kusambaa.

Je, umeze dawa za presha zinazozuia kemikali hiyo? La! Haijathibitishwa kwamba zinatibu saratani. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kimyakimya. Mwanamume aliyetimu miaka 50 amwone daktari, asingoje maumivu.