Duka Kubwa au Duka Dogo? Somo la Kununua Vifaa vya Ujenzi

Ndugu msomaji, wengi wetu likizoni hutumwa: "Kimbia hadwea uniletee misumari." Je, uende lile duka kubwa la mjini lenye matawi mengi, au kiduka cha pale sokoni? Hebu tuyapime yote mawili.

1. Duka kubwa
Bidhaa zimepangwa rafuni na bei imebandikwa. Unachagua kwa macho, hata bila kumsemesha mtu. Risiti hutolewa. Lakini hakuna kupunguziwa wala kukopeshwa, na misumari mara nyingi imekwisha kufungwa kwa pakiti.

2. Duka dogo
Hapa muuzaji husimama nyuma ya kaunta, pengine nyuma ya wavu wa chuma. Unaomba kwa mdomo. Atakupimia hata robo kilo, atakukatia waya kwa mita, na atakuuliza kazi yenyewe ni gani. Ila bei hutegemea ulimi wako, na huenda usipate kila kitu.

3. Tupige hesabu
Tuseme duka kubwa linauza pakiti ya nusu kilo kwa shilingi 110, na duka dogo linauza kilo moja kwa shilingi 240. Nauli ya mjini, kwenda na kurudi, ni shilingi 100.

Ukihitaji robo kilo, sokoni utalipa shilingi 60. Mjini utatumia 210. Lakini ukihitaji kilo 20, sokoni ni shilingi 4,800, na mjini ni 4,500 pamoja na nauli. Kwa hivyo, kwanza jua unataka kiasi gani.

4. Neno lina bei
Mimi nilifunzwa na mabati. Mama alinituma, nami nikamwambia muuzaji, "Nipe mabati kumi ya bei ya chini." Akanipa geji 32, kumbe fundi alitaka geji 28. Sikujua kwamba namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi. Fundi alipokanyaga la kwanza, likabonyea. Nilikuwa sikuchukua risiti, basi hayakurudishwa. Muuzaji hakunidanganya; alinipa nilichoomba. Pesa za mama ndizo zilizolipia ujinga wangu.

Kwa hivyo tujifunze majina. Bawaba hushika mlango ili ufunguke na kufungika. Komeo huuzuia kwa ndani. Kitasa hufungwa kwa ufunguo. Ukisema "hiyo kitu ya mlango," unaweza kupewa chochote kati ya hivyo vitatu!

5. Tahadhari popote uendapo
(a) Tafuta alama ya ubora ya KEBS.
(b) Soma mfuko wa saruji: uzito ni kilo 50, na namba 32.5 au 42.5 huonyesha nguvu. Ya 42.5 ndiyo yenye nguvu zaidi.
(c) Tazama mizani kabla misumari haijawekwa; mshale uwe kwenye sufuri.
(d) Dai risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, wenzangu, duka kubwa lina bei iliyoandikwa, duka dogo lina mtu wa kuulizwa. Na kuuliza si ujinga.

Zoezi
1. Kwa bei za hapo juu, kilo 5 za misumari utazinunua wapi? Eleza.
2. Tunga mazungumzo kati ya muuzaji na mnunuzi ukitumia: bawaba, komeo, geji, risiti.