Dondoo muhimu: Mtoto akizaliwa na mgongo wazi

Mgongo wazi hausubiri mavuno. Muuguzi afunike uvimbe wa mgongoni kwa shashi safi yenye unyevu, mtoto alazwe kifudifudi, na safari ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ianze siku hiyohiyo: upasuaji wa mapema, hasa ndani ya saa 48, hupunguza hatari ya maambukizi.

Familia ya Ukerewe au Sengerema ichukue barua ya rufaa kabla ya kuondoka. Kabla ya kuuza ng'ombe, mzazi amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya afya inawatambua watoto wa chini ya miaka 5 kuwa wenye haki ya msamaha wa gharama za matibabu.

Baada ya mshono, kichwa kipimwe kila kliniki. Kikikua haraka, huenda maji yanajaa kichwani. Mtoto arudishwe hospitali mara moja.

Mama anayepanga mimba nyingine amwone daktari mapema, apangiwe dozi kubwa ya asidi ya foliki.