MFUKO WA NYONGO UMETOLEWA: SASA TULE NAMNA GANI?



Tunapowatembelea wagonjwa vijijini, Kisii na Nyamira, swali hili tunaulizwa mara nyingi. Mtu ametoka hospitali. Mawe yametolewa pamoja na mfuko wa nyongo, amepewa dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Akifika nyumbani, kila mmoja ana ushauri wake. Huyu anasema asionje mafuta tena maisha yake yote. Yule anasema ale sana arudishe damu. Wa tatu anasema ati mtu asiye na nyongo hawezi kushika jembe tena. Mgonjwa afuate lipi? Wengine hukonda kwa hofu, na wengine hunenepa kupita kiasi. Somo la leo linataka kuondoa hofu hiyo.

Nyongo hutoka wapi?

Watu wengi hudhani nyongo hutengenezwa ndani ya mfuko wake. Sivyo. Nyongo hutengenezwa na ini, karibu nusu lita hadi lita moja kila siku. Kazi yake ni kuvunjavunja mafuta ya chakula, kama vile sabuni inavyovunja mafuta kwenye sufuria. Mfuko ni ghala dogo tu, lenye kubeba kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya mezani. Unapokula chakula chenye mafuta, mfuko hujikaza na kumwaga nyongo kwenye utumbo mwembamba.

Mfuko ukitolewa, ini huendelea na kazi yake. Tofauti ni kwamba sasa nyongo hudondoka kidogo kidogo mchana na usiku, badala ya kungojea chakula. Kwa hiyo mtu akila sahani kubwa yenye mafuta mengi kwa mara moja, nyongo iliyopo huenda isitoshe. Tumbo hujaa gesi, huuma, au mtu huharisha. Lakini akila kidogo, mwili humudu. Nyongo inakuja haba na haba, basi na chakula nacho kije haba na haba.

Upasuaji huu si jambo geni. Ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1882 na daktari Carl Langenbuch katika mji wa Berlin, Ujerumani. Tangu hapo watu wengi sana wameishi bila mfuko huo, wakilima, wakizaa na kuzeeka.

Hatua kwa hatua

1. Siku za kwanza. Mgonjwa aanze na vinywaji na vyakula vyepesi: uji wa wimbi usio mzito, ndizi zilizochemshwa, wali laini, viazi vilivyopondwa. Supu ni nzuri, lakini iache ipoe kwanza, uondoe ule utando wa mafuta unaoganda juu, ndipo uipashe moto tena.

2. Wiki za kwanza. Ale mara tano au sita kwa siku, kiasi kidogo kila mara, badala ya kungojea sahani kubwa ya usiku. Aongeze maharagwe yaliyoiva vizuri, samaki wa kuchemsha, kuku aliyetolewa ngozi, yai la kuchemsha. Avikwepe chapati, mandazi, chipsi na nyama ya mafuta.

3. Baada ya hapo. Arudishe mafuta polepole, chakula kimoja kwa wakati mmoja. Leo kipande kidogo cha parachichi. Tumbo likitulia, kesho kutwa aongeze. Kwa wengi tumbo huzoea katika wiki chache au miezi michache. Hakuna haja ya kukimbia mafuta maisha yote, kwa maana mwili unayahitaji, na vitamini nyingine haziingii mwilini bila mafuta.

Tunashauri pia kuwa na daftari. Andika ulichokula na jinsi tumbo lilivyokuwa. Baada ya wiki mbili utajua mwenyewe chakula kinachokusumbua. Tumbo la jirani si lako.

Chakula cha kwetu kinatosha

Hatuhitaji chakula cha duka. Obokima ya wimbi, ndizi, viazi vitamu, chinsaga, rinagu na maboga viko mashambani na katika soko la Daraja Mbili, Keroka na kwingineko. Jambo la kuangalia ni namna ya kupika. Chinsaga tumezoea kuipika muda mrefu na maziwa ili uchungu upungue. Hiyo ni desturi nzuri, lakini kwa mgonjwa tumia maziwa yaliyoondolewa malai. Omena nao wachemshwe na nyanya, wasikaangwe wakaelea katika mafuta. Chai iwe na maziwa kidogo mwanzoni, na kahawa nzito ingoje kwanza, maana huweza kuharakisha choo.

Mboga na nafaka zisizokobolewa ni nzuri, ila usizirundike zote siku moja. Zikiongezwa ghafla huleta gesi. Anayeharisha asipunguze maji; anywe ya kutosha na ale ndizi mbivu, wali na uji. Kuharisha kukiendelea kwa wiki kadhaa, asikae nako kwa aibu. Wakati mwingine ni nyongo inayochoma utumbo mkubwa, na daktari ana dawa ya kuituliza.

Uzito: kupanda na kushuka

Kabla ya upasuaji, wengi waliogopa kula kwa sababu kila mlo ulileta maumivu. Sasa maumivu yameisha, na hamu imerudi. Hapo ndipo uzito unapopanda. Si kwamba kidonda kimeleta unene. Ni kwamba tunakula kuliko tunavyotumia, tena bado hatujarudi shambani. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120, sawa na ndizi mbivu moja kubwa. Kwa hiyo mama anayepika apime mafuta kwa kijiko, asimimine kutoka mtungini. Soda na sukari nyingi katika chai nazo huongeza uzito kimya kimya.

Mwenye uzito mkubwa asijinyime chakula ili akonde haraka. Akipungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, inatosha. Na ndugu zake ambao bado wana mfuko wao wasikie hili: kukonda kwa haraka sana ni moja ya mambo yanayoleta mawe ya nyongo.

Anayezidi kukonda bila kutaka baada ya mwezi wa kwanza, huyo arudi hospitali. Pima uzito mara moja kwa wiki kwenye zahanati iliyo karibu, mizani ileile.

Kutembea kuanze mapema, kidogo kidogo. Aliyefanyiwa upasuaji wa matundu madogo mara nyingi hurudi kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Aliyepasuliwa tumbo wazi huhitaji kama wiki sita hadi nane. Kubeba mtungi wa maji, mkungu wa ndizi au kikapu cha majani chai kungoje ruhusa ya daktari. Watoto na waume, kazi hiyo ni yenu kwa sasa.

Dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo

- Macho au ngozi kuwa manjano.
- Mkojo kuwa kama chai ya rangi, au choo kupauka kama udongo mweupe.
- Homa na kutetemeka.
- Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, au tumbo kuvimba na kuwa gumu.
- Kutapika kusikokoma, au kidonda kutoa usaha.

Wakati mwingine jiwe hubaki katika mrija wa nyongo, au mrija huvuja. Tusikimbilie kununua dawa ya taifodi au ya vidonda vya tumbo kwenye chemisti, wala mitishamba ya “kurudisha nyongo.” Nyongo haijapotea. Twende hospitali iliyofanya upasuaji, iwe Kisii, Nyamira au Tabaka, tukiwa na karatasi zetu zote.

Upendo usiwe mzigo

Katika nyumba zetu, kumpa mtu chakula ni kumpenda. Jumuiya imechanga pesa za hospitali, na mgonjwa akipona tunafanya misa ya shukrani. Pilau ipo, chapati zipo, na yeye ndiye anayepewa sahani kubwa kuliko wote. Atakataaje mbele ya watu waliomchangia? Mama mkwe anasema, “Kula, mwanangu, upate nguvu.” Tumfundishe ajibu kwa heshima: “Asante, mama. Niwekee kidogo sasa, nyingine nitakula saa kumi.” Na sisi tuliokuja tumsaidie: tumpakulie kidogo, tusimhesabie matonge.

Vilevile wakati wa Kwaresima. Sheria ya Kanisa ya kufunga ni ya watu wazima hadi kufikia miaka 59, lakini wagonjwa hawafungwi nayo. Anayepona asijitese kwa kukaa na njaa mchana kutwa. Atoe sadaka nyingine ya matendo ya huruma.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu ametoka hospitali karibuni? Ni nani anamchotea maji?
2. Nyumbani kwetu tunatumia vijiko vingapi vya mafuta kwa sufuria moja ya mboga?
3. Tukifanya misa ya shukrani, tutapika nini ambacho yule aliyepona naye anaweza kula bila hofu?

Jumuiya ikijibu swali la kwanza, isingoje mkutano ujao. Watu wawili waende kumwona wiki hii.